Gurami mkubwa anaumwa? Anza na maji, dawa baadae

Watu wakinipigia simu kuhusu gurami wao swali huwa ni moja tu, nimpe dawa gani. Na mi swali langu la kwanza siku zote ni tangi lako lina lita ngapi na mara ya mwisho umepima maji lini. Wengi hapo wanakaa kimya kidogo. Sio kwamba hawajali, wanajali sana ndo maana wamepiga, ila hakuna aliyewaambia siku wananunua kwamba huyu samaki ni mkubwa kiasi kile, na kwamba karibu kila kitu kinachomuuma kinaanzia kwenye maji au kwenye nafasi aliyopewa.

Kwanza tuhakikishe tunamzungumzia samaki mmoja. Dukani neno gurami linabeba samaki wengi: kuna yule mdogo wa rangi rangi anayeishia sentimita 8 hivi, kuna wa madoa anayefika 15, kuna yule wa midomo minene "anayebusu" anayeweza kufika 30, alafu kuna gurami mkubwa mwenyewe, Osphronemus goramy, anayeweza kufika sentimita 70. Wote wanauzwa wakiwa urefu wa kidole. Yule mkubwa akiwa mtoto ana mdomo umechongoka, mistari meusi imesimama ubavuni, doa jeusi kwa nyuma kuelekea mkia, na nyuzi mbili ndefu chini ya kifua anazopapasia vitu. Akikua mistari inafifia, paji la uso linatokeza, kidevu kinajaa, anakua na sura ya mzee. Kwao ni kusini mashariki mwa Asia, Sumatra, Java, Borneo, mpaka kule bonde la mto Mekong, anakaa kwenye mito inayotembea polepole na madimbwi yenye majani mengi. Waindonesia wanamfuga mabwawani na kumla, wanamkaanga mzima mzima. Hapa jirani yetu Mauritius alishafikishwa tangu karne ya 18 na Wafaransa. Na anaishi miaka 20 na kuzidi akitunzwa, kwahiyo ukimleta nyumbani leo mtoto wako wa darasa la kwanza anaweza kumaliza chuo huyo samaki bado yupo.

Wa kwangu nilimnunua Kariakoo akiwa sentimita 6. Tunamwita Babu. Mengi nitakayosema hapa nimejifunza kwake, na mengine nimejifunza kwa wale waliokufa kabla yake, ambao mpaka leo wananiuma.

Anapanda juu kuvuta hewa

Hili naanza nalo kwa sababu ndo linalotisha wageni, na mara nyingi sio ugonjwa. Gurami ana kiungo ndani ya kichwa juu ya mashavu (yale matamvua ya kupumulia majini), kina mikunjo mikunjo, anachotumia kuvuta hewa ya kawaida kama sisi. Anapanda, anagusa uso wa maji, anachukua funda la hewa, anashuka. Kila baada ya dakika kadhaa. Hata maji yawe na oksijeni ya kutosha bado atapanda, na akizuiwa kupanda anaweza kufa kwa kukosa hewa ndani ya maji safi kabisa. Kwahiyo usijaze tangi mpaka kwenye kifuniko, acha nafasi ya sentimita 10 hivi, na kama uso wa maji umefunikwa na majani yanayoelea au utando wa mafuta ya chakula hebu utoe. Kifuniko kiwepo, moja kwa sababu anaruka, mbili kwa sababu ukiwa sehemu za baridi hewa anayovuta inatakiwa ikaribiane joto na maji.

Cha kuogopa ni hiki: amekaa juu muda wote hashuki, mashavu yanapiga haraka haraka, mashavu yamekua mekundu sana au yamekua rangi ya kahawa, au anajisugua kwenye mawe na kioo. Hapo sasa kuna kitu kwenye maji.

Pima amonia na nitriti siku hiyo hiyo, ni sumu zinazotokana na kinyesi na chakula kinachooza. Vile vipimo vya matone vinavyobadilika rangi ni bora kuliko vile vya karatasi. Amonia inatakiwa isomeke sifuri, nitriti sifuri. Ikiwepo amonia inaunguza mashavu, ikiwepo nitriti inaingia kwenye damu na damu inashindwa kubeba oksijeni, ndo ile rangi ya kahawa unayoiona. Na kuna jambo watu wa pwani tulishike vizuri: maji yetu ya visima vingi yamepita kwenye mawe ya matumbawe, ni magumu, yaani yana chokaa nyingi, na pH yake (kipimo cha uchachu wa maji, ikipanda uchachu umepungua) iko juu, na amonia ile ile inakua na sumu zaidi pH ikipanda. Kwenye joto la nyuzi 28, ukitoka pH 7 kwenda pH 8 sehemu ya amonia yenye sumu inaongezeka karibu mara kumi. Yaani mtu wa Kigamboni na mtu mwenye maji laini wakisoma namba ile ile kwenye kipimo, samaki wa Kigamboni ndo yuko kwenye hatari.

Cha kufanya: badilisha maji nusu ya tangi, yawe yametolewa klorini na joto lisitofautiane sana, acha kulisha siku mbili, ongeza pampu ya hewa. Kesho pima tena, ikiwepo bado badilisha tena. Kama ni nitriti weka chumvi, gramu 1 kwa kila lita inasaidia sana kwa sababu inazuia nitriti kuingia kwenye damu. Tangi la lita 600 ni gramu 600, iyeyushe kwenye ndoo kwanza usimmwagie samaki mabonge.

Alafu uliza sababu. Tangi jipya? Filta inahitaji wiki 4 mpaka 6 kujenga bakteria wanaokula uchafu, na gurami mkubwa anachafua kuliko samaki kumi wadogo. Uliosha sponji za filta kwa maji ya bomba? Umeua bakteria, zioshe kwenye ndoo yenye maji ya tangi lenyewe. Umeongeza chakula? Kuna samaki amefia nyuma ya jiwe?

Au umeme ulikatika. Hili ni letu kabisa na halimo kwenye maelekezo yanayokuja na filta. Gurami mwenyewe giza la masaa sita analivumilia vizuri maana anavuta hewa ya juu, kwahiyo unamwangalia unaona mzima, unalala kwa amani. Lakini ndani ya filta iliyofungwa, ile ya kopo linalokaa chini ya tangi, bakteria wanakosa oksijeni wanaanza kufa na uchafu unaoza, umeme ukirudi usiku wa manane filta inawaka yenyewe na kumwaga ule uozo wote kwenye tangi. Nimepoteza samaki wawili hivyo na ilinichukua muda mrefu kuelewa kwanini walikufa baada ya umeme kurudi na sio wakati umekatika. Siku hizi umeme ukikata zaidi ya saa moja nachomoa filta kwenye soketi, na ukirudi nafungua kopo namwaga maji yaliyomo, nasuuza sponji kwa maji ya tangi ndo nawasha. Siku hiyo samaki hawalishwi.

Mara tu baada ya kubadilisha maji ameanza kuhangaika

Kama ni ndani ya saa moja baada ya kubadilisha, anazunguka kama amepagawa, anajigonga, anatoa ute mwingi mwilini, karibu hakika ni klorini au joto. Maji ya bomba yana klorini, inawekwa kwa afya yetu, lakini mashavu ya samaki inayaunguza. Kuyaacha kwenye pipa lililo wazi siku nzima mpaka mbili huku pampu ya hewa inapiga kunaitoa klorini ya kawaida. Ila sehemu nyingine wanatumia klorini iliyochanganywa na amonia, hiyo haitoki kwa kusubiri, inahitaji dawa ya matone ya kuondoa klorini, na mi nashauri uwe nayo ndani siku zote hata kama huitumii kila mara. Ikishatokea, dawa hiyo weka papo hapo kwa kipimo cha tangi zima sio cha maji mapya tu.

Joto nalo. Simtank nyeusi juu ya paa Dar saa nane mchana maji yake yanakaribia ya kuoga mgonjwa. Ukimwaga lita 200 za hayo kwenye tangi umempika. Chota alfajiri au usiku. Watu wa Arusha, Iringa, Mbeya, Nairobi nyie shida yenu ni kinyume, asubuhi ya mwezi wa saba maji ya bomba ni barafu, changanya na ya moto kwenye ndoo mpaka yakaribiane na themomita ya tangi. Gurami anapenda nyuzi 24 mpaka 28, chini ya 20 mwili wake unaanza kushindwa kupambana na magonjwa.

Amegoma kula

Tulia kwanza. Gurami mkubwa ana akili na ana hisia, akihamishwa tangi anaweza kususa siku kadhaa, ukibadilisha mpangilio wa mawe anasusa, ukimleta mwenzake anasusa, hata ukivaa kofia kubwa anaweza kukimbilia kona. Mtu mzima mwenye afya kukaa siku 5 bila kula hafi. Unachoangalia ni vitu vingine: anaogelea sawa? mapezi yamefunguka? macho angavu? kinyesi cha kawaida? Kama vyote viko sawa na maji yako sawa, muache, zima taa, punguza watoto kugonga kioo.

Kama amegoma na rangi imekua nyeusi amejikunja kwenye kona, pima maji, pima joto. Kama amegoma na anatoa kinyesi cheupe chembamba kama uzi, kuna uwezekano wa vijidudu vya tumboni, hapo tafuta mtaalamu wa mifugo mwenye kujua samaki, maana dawa nyingi zinakwenda kwa kipimo na ukikosea unaharibu filta nzima.

Na kuna sababu moja rahisi sana, ameshiba. Akiwa mdogo anakula kama moto, akifika sentimita 40 mwili hauhitaji kiasi kile tena, lakini sisi tumeshazoea kumpa.

Tumbo limevimba

Hapa lazima nikae kidogo kwa sababu ndo sehemu mapenzi yetu yanaua. Gurami akikuona anakuja kioo, anakuangalia machoni, anafungua mdomo, na nani ana moyo wa kumnyima. Basi anapewa nyama ya ng'ombe, maini, kuku, chapati, mkate. Nilimkuta gurami mmoja nyumbani kwa watu anayepewa nusu mshikaki kila jioni na familia nzima inakaa kumwangalia, wanampenda kweli kweli, tumbo limetokeza upande mmoja.

Gurami mkubwa anakula vyote lakini kadiri anavyokua tumbo lake linataka majani zaidi. Mafuta ya ng'ombe mwili wake hauyawezi vizuri, yanajaa kwenye ini. Kule Java wafugaji wanawakatia majani makubwa ya jamii ya magimbi, wanayatupa bwawani mazima na samaki wanayatafuna mpaka vinabaki vikonyo. Sisi huku tuna hazina, mchicha, matembele, majani ya maboga, magimbi tunayo, tango, papai bivu, njegere zilizomenywa ganda. Chovya majani magumu kwenye maji ya moto dakika moja yanalainika. Vidonge vya chakula cha samaki vyenye mimea mpe kidogo, dagaa wadogo au kamba mara moja moja kwa wiki. Majani uliyonunua sokoni yaoshe sana, dawa za kupulizia bustani zinaweza kuua samaki.

Sasa kutofautisha. Tumbo limevimba lakini magamba yamelala, anaogelea, labda anainama kidogo, hajatoa kinyesi: hiyo inaelekea ni kufunga choo. Usimlishe siku 3, alafu njegere zilizochemshwa zimemenywa, mbili tatu, subiri. Mara nyingi inafunguka. Ila kama magamba yamesimama, ukimwangalia kwa juu anaonekana kama nanasi, na macho yametokeza, hapo maji yamejaa ndani ya mwili na mara nyingi figo zimeshashindwa, chanzo huwa ni bakteria waliopata nafasi kwenye mwili uliochoka na maji machafu. Wachache sana wanapona. Mtenge, maji masafi, mpigie daktari wa mifugo uulize dawa ya bakteria ya kuchanganya kwenye chakula kama bado anakula. Usijilaumu ukishindwa, lakini nenda kapime yale maji kwa ajili ya waliobaki.

Vishimo kichwani

Vinaanza vidogo kama umechoma na sindano, juu ya macho na paji la uso, alafu vinapanuka vinakua kama makovu ya ndui, vingine vinafuata ule mstari mwembamba unaolala ubavuni kutoka kichwani kwenda mkiani. Wataalamu wamebishana miaka na miaka, wengine wanasema ni vijidudu vya tumboni, wengine lishe mbovu, wengine maji. Nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba kila gurami mwenye vishimo niliyemfuatilia alikua anakaa kwenye maji ambayo nitrati (uchafu unaobaki baada ya bakteria kumaliza amonia na nitriti) imepanda kupita miligramu 80 kwa lita huko na amelishwa chakula cha aina moja miaka yote. Nitrati haina haraka kama amonia, haimuui leo, ndo maana watu hawaipimi.

Kuna watu wanakimbilia Flagyl maana iko kila duka la dawa, na ni kweli dawa hiyo hutumika kwa vijidudu hivyo, ila kuiweka kwenye tangi ambalo maji hayabadilishwi ni kupoteza hela. Badilisha theluthi ya maji mara mbili kwa wiki mpaka nitrati ishuke chini ya 40, mpe majani na matunda ya aina tofauti, upe miezi kadhaa. Vishimo vikiwahiwa vinajaa. Vikiwa vikubwa makovu yatabaki lakini yanaacha kuendelea.

Madoa meupe, pamba, na vidonda

Madoa kama chembe za chumvi mwilini na kwenye mapezi, anajisugua, hiyo ni madoa meupe ya kawaida, inapenda kuja maji yakipoa ghafla au ukileta samaki mpya bila kumtenga. Dawa haimuui yule mdudu akiwa ndani ya ngozi, inamuua akitoka kuogelea, ndo maana matibabu ni siku 10 mpaka 14 na sio siku moja. Pandisha joto polepole mpaka nyuzi 30, chumvi gramu 2 kwa lita, hewa nyingi. Usiache matibabu madoa yakipotea siku ya tatu, hapo ndo yanazaliana.

Pamba nyeupe inakua juu ya kidonda, maana yake kidonda kilianza kwanza. Tafuta kilichomjeruhi.

Kidonda kisichopona mwezi mzima, samaki anakula lakini anakonda mgongo unakua kama kisu, hapo kuwa makini kwa ajili yako mwenyewe. Kuna bakteria wa jamii ya kifua kikuu wanaoshambulia samaki, na mmoja wao anaweza kuingia kwenye ngozi ya binadamu kupitia mchubuko na kuacha uvimbe unaokaa miezi. Ukiwa na kidonda mkononi vaa glavu ndefu, usinyonye bomba la kutolea maji kwa mdomo, na ukiota uvimbe mkononi mwambie daktari kwamba unafuga samaki, asipojua hilo atahangaika.

Samaki wapya watenge wiki 4. Mashamba ya gurami huko Asia yamewahi kupigwa na virusi vinavyoua samaki wengi kwa siku chache na havina dawa, karantini ndo kinga pekee uliyonayo.

Anajigonga, jicho moja lina ukungu, magamba yametoka

Jicho moja likiwa na ukungu huwa ni kugonga, yote mawili huwa ni maji. Kanuni hii hainiangushi mara nyingi.

Kugonga kunatokana na kushtuka, mtu amewasha taa ghafla chumba kikiwa na giza, watoto wamekimbia. Samaki wa kilo 4 akishtuka kwenye tangi la futi 4 hana pa kwenda zaidi ya kioo. Anavunja hita, anang'oa bomba la filta, wengine wamepasua vioo. Washa taa ya chumba kwanza ndo uwashe ya tangi. Hita ifungie ndani ya bomba la plastiki lenye matundu. Mawe yenye ncha toa yote.

Lakini tiba yenyewe ni nafasi na hapa naomba unisikilize vizuri. Tangi la futi 4, yaani sentimita 120 kwa 45 kwa 50, ni lita 270. Gurami wa sentimita 50 kwenye tangi lenye upana wa 45 hawezi kugeuka bila kujikunja. Ile habari kwamba samaki anakua kulingana na tangi sio kweli namna watu wanavyoielewa, anadumaa, mgongo unapinda, macho yanabaki makubwa kwenye kichwa kidogo, viungo vya ndani vinabanana, anakufa kijana watu wanasema umri wake uliisha. Tangi la mtu mzima angalau mita 2 na nusu urefu, upana sentimita 90, kina 70, hiyo ni karibu lita 1,500, na lita moja ya maji ni kilo moja, kwahiyo ni tani moja na nusu kabla hujahesabu vioo na stendi. Nyumba ya ghorofa muulize fundi wa majengo kwanza. Na vioo sio vile vya dirishani, tafuta fundi aliyewahi kujenga matangi makubwa na aweke mikanda ya vioo juu.

Huna uwezo huo? Wengi hatuna. Babu nilimjengea bwawa la zege uani, mita 3 kwa 2, kina mita moja, gharama yake ilikua ndogo kuliko tangi la vioo la nusu ya ukubwa huo. Dar na Mombasa joto linaruhusu mwaka mzima. Zege jipya linatoa chokaa linapandisha pH vibaya, lijaze maji umwage, ujaze umwage, wiki kadhaa, pima mpaka pH itulie ndo samaki aingie.

Wanapigana

Wakiwa sentimita 10 mpaka 20 wana hasira mbaya, wanang'oana macho na mapezi. Watu wananunua watatu wadogo wanapendeza, baada ya miezi anabaki mmoja. Ukiona mmoja amejibana kona ya juu mapezi yameraruka mtoe leo leo, usisubiri wazoeane, hawatazoeana kwenye tangi dogo. Wakubwa wengi wanatulia, ila aliyezoea kukaa peke yake miaka ukimletea mgeni anamuua.

Bwawani wakianza ghafla kufukuza kila kitu na mmoja anakusanya majani na nyuzi nyuzi pembeni, huyo ni dume anajenga kiota, sio ugonjwa. Usiguse.

Shida za bwawani peke yake

Baada ya mvua kubwa samaki wanahema juu, maji yamepoa ghafla juu na tope la chini limevurugika. Washa pampu, usilishe. Maji ya paa yasiingie bwawani, yanakuja na kila kitu kilichokua juu ya bati. Maji ya kijani sio sumu yenyewe ila alfajiri mwani unamaliza oksijeni, gurami atavumilia, sato uliowachanganya nae ndo watakufa, na wakifa wanaozesha maji, ndipo na gurami anafuata.

Samaki wanapungua bila maiti: kenge. Anakuja mchana kweupe. Au korongo asubuhi. Wavu uliokazwa vizuri juu, uwe umeinuka juu ya maji ili gurami apande kuvuta hewa bila kunasa mdomo.

Ukishindwa kumtunza

Inatokea, mtu anahama, mtu anapoteza kazi. Tafadhali sana usimpeleke mtoni wala ziwani. Sangara aliwekwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na tunajua furu wangapi, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, wametoweka hawatarudi. Gurami anakula karibu kila kitu, anavuta hewa, anavumilia maji mabovu, ni samaki wa aina ile ile ya kuogopa kumwachia. Tafuta mwenye bwawa, hoteli yenye bustani ya maji, shule, mfugaji mwenzako.

Na siku ya kumhamisha usimfunge kwenye mfuko uliojaa maji mpaka juu, atakufa njiani. Mnyime chakula siku mbili kabla ili asichafue maji. Chukua pipa la plastiki la lita 200 lililo safi, lilaze ubavu ukikata dirisha kubwa juu, au tumia beseni refu la kuogea, jaza maji ya tangi lake mwenyewe nusu tu ili nusu iwe hewa, funika na wavu alafu kanga iliyoloweshwa kuweka giza. Mbebe kwa shuka lililoloa watu wawili, sio kwa wavu wa mkono, wavu unakwangua magamba na miiba ya mapezi inanasa. Sio kwenye bodi ya pikapu juani, safiri usiku au alfajiri. Ukifika usimtumbukize, chota maji ya bwawa jipya kopo kwa kopo uongeze kwenye pipa kwa saa nzima, alafu laza pipa ndani ya maji atoke mwenyewe. Atakaa chini kwenye kona siku mbili tatu hatoki isipokua kupanda kuvuta hewa. Mwambie mwenyeji asimlishe hizo siku na amuachie jani moja la boga linaelea.